Jinsi ya Kupanga Masomo ya Elimu ya Jumla katika Chuo Kikuu cha Marekani

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma tahasusi ya HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, kwa kawaida huagana na hisabati siku anapotoka kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne. Miaka michache baadaye anapata nafasi ya kusomea sayansi ya siasa katika chuo kikuu cha Marekani, anafungua orodha ya masomo anayodaiwa, na anakuta humo hisabati, sayansi asilia, sanaa, uandishi, na historia ya nchi ambayo si yake. Wengi hudhani kwamba ofisi ya usajili imekosea. Haikukosea. Hayo ndiyo masomo ya elimu ya jumla, na bila kuyakamilisha shahada haitolewi hata kama mwanafunzi ameongoza darasa katika fani yake.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yake, kwa ajili ya mwenzake wa Kenya aliyemaliza KCSE, yaani mtihani wa mwisho wa sekondari wa huko, na kwa ajili ya mzazi anayelipa ada kutoka Arusha au Eldoret na angependa kujua kwa nini mtoto aliyekwenda kusomea uchumi ameleta matokeo yenye somo la historia ya muziki. Masomo hayo nimeyapitia mwenyewe, na tangu hapo nimekaa mezani na jamaa kadhaa tukiyapanga. Ninaamini kwa dhati kwamba ni sehemu bora ya elimu ya Kimarekani. Hata hivyo nimeona pia kwamba asiyeyapanga mapema huishia kulipia muhula ambao hakuutarajia.

Hatua ya kwanza: tambua chuo chako kinafuata mfumo gani

Shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida ina krediti 120, yaani vipimo vya uzito wa masomo, na krediti hizo hugawanyika katika mafungu matatu: elimu ya jumla, fani kuu, na masomo ya hiari. Msingi wa fungu la kwanza ni kile kinachoitwa elimu huria. Neno huria hapa halina maana ile ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambako linahusu kusoma ukiwa mbali na darasa; linatokana na fikra ya kale ya Ulaya kwamba kuna elimu inayomfaa mtu huru, tofauti na mafunzo ya kazi moja. Katika zama za kati elimu hiyo ilihesabiwa kuwa na matawi saba: sarufi, mantiki na balagha, kisha hesabu, jiometri, muziki na falaki. Msomaji ataona kwamba hisabati na sayansi ya nyota zimo tangu mwanzo, kwa hiyo anayedhani kwamba elimu huria ni masomo ya sanaa peke yake anapotoka.

Vyuo vya Marekani havikukubaliana kamwe juu ya namna ya kuitoa. Charles Eliot, aliyekuwa rais wa Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, aliondoa karibu masharti yote na kuwaachia wanafunzi wajichagulie. Mrithi wake, Abbott Lowell, aliona kwamba wengi walichagua masomo mepesi yasiyo na uhusiano, akaweka utaratibu wa mwanafunzi kuzama katika fani moja na wakati huohuo kugusa nyanja nyingine. Mwaka 1919, mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Columbia ilianzisha somo moja la ustaarabu wa kisasa ambalo kila mwanafunzi alilazimika kulisoma, na somo hilo lipo hadi leo. Nao wanafunzi wa Brown walidai uhuru zaidi, wakaupata mwaka 1969.

Mvutano huo umeacha mifumo ambayo utakutana nayo. Columbia bado ina kiini cha pamoja, ambamo wanafunzi wote husoma masomo yaleyale ya fasihi, falsafa ya siasa, sanaa na muziki. Yale hutumia mfumo wa mgawanyo: angalau masomo mawili katika kila moja ya nyanja tatu, ambazo ni sanaa na masomo ya utu kama fasihi na falsafa, sayansi, na sayansi ya jamii, pamoja na masharti ya uandishi, hesabu na lugha ya kigeni. Brown haina mgawanyo huo, ingawa mwanafunzi bado hutakiwa kuthibitisha kwamba anaweza kuandika vizuri. Vyuo vya umma navyo, ambavyo ndiko wanakokwenda wengi wetu, mara nyingi hufungwa na utaratibu wa jimbo zima. Texas ni mfano mzuri: sheria ya jimbo inataka krediti 42 za kiini katika kila chuo cha umma. Kati ya hizo, 6 ni za mawasiliano, 3 za hisabati, 6 za sayansi ya viumbe na maumbile, 3 za lugha, falsafa na utamaduni, 3 za sanaa bunifu, 6 za historia ya Marekani, 6 za serikali na siasa, 3 za sayansi ya jamii na tabia, na 6 zilizobaki chuo chenyewe huamua zitumikeje. Mwanafunzi wa kigeni hasamehewi historia wala siasa kwa sababu ya pasi yake ya kusafiria.

Hatua ya pili: tafuta prospektasi ya mwaka ulioingia, uihifadhi

Kila mwaka chuo hutoa prospektasi, ambayo Wamarekani huiita katalogi, yenye masharti yote ya shahada. Kanuni ya jumla ni kwamba mwanafunzi anafungwa na prospektasi ya mwaka aliojiunga, si ile ya mwaka anaohitimu. Pakua nakala yake, itunze kwenye simu na kwenye barua pepe yako, na chapisha ule ukurasa wa elimu ya jumla. Masharti yakibadilika ukiwa mwaka wa tatu, karatasi hiyo ndiyo haki yako, na mara nyingi utapewa hiari ya kuhamia kwenye masharti mapya yakiwa yanakufaa zaidi.

Hatua ya tatu: hesabu ulichokuja nacho

Kabla ya kujiandikisha somo lolote, uliza chuo kinatambua nini kutoka nyumbani. Wenye mitihani ya Cambridge ya kiwango cha A kwa kawaida hupata krediti bila taabu kubwa, kwa sababu vyuo vingi vina jedwali lake tayari. Kwa wenye ACSEE, yaani mtihani wa kidato cha sita wa Tanzania, mambo hutofautiana: viko vyuo vinavyotoa krediti kwa masomo yaliyofaulu vizuri, na viko vinavyotambua cheti kama sifa ya kuingilia tu. Usikate tamaa kwa jibu la kwanza. Muhtasari wa somo husika, ule unaotayarishwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ukiwekwa mbele ya mkuu wa idara pamoja na matokeo ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), una nguvu kuliko maelezo marefu ya mdomo. Mwalimu wa hisabati akisoma kwa macho yake kwamba umefundishwa kalkulasi, matrisi na namba changamano, huelewa mara moja.

Suala la lugha ya kigeni linahitaji uangalifu wa pekee kwetu sisi. Vyuo vingi vinavyodai lugha ya kigeni humsamehe mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza si Kiingereza, lakini baadhi huomba ushahidi kwamba alisomeshwa sekondari kwa lugha hiyo. Hapo Mtanzania na Mkenya hukwama, maana sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza. Usikubali kuandikwa kwamba huna lugha nyingine. Cheti cha kidato cha nne kinachoonyesha alama ya Kiswahili, au matokeo ya Kiswahili katika KCSE, ni ushahidi halali wa kuanzia, na chuo kisiporidhika omba mtihani wa kupima umahiri. Kiswahili hufundishwa katika vyuo kadhaa vikubwa vya huko, vikiwemo Harvard, Yale na Wisconsin–Madison, kwa hiyo wapo walimu wanaoweza kukutahini. Jambo ambalo usilijaribu ni kujiandikisha Kiswahili cha mwanzo ili uvune alama za bure. Mara nyingi mzawa wa lugha haruhusiwi, na hata akiruhusiwa anakuwa amelipa fedha za muhula kujifunza kusema habari za asubuhi.

Kisha shika tofauti hii, kwa sababu imewaponza wengi: kusamehewa sharti si sawa na kupewa krediti. Ukisamehewa lugha ya kigeni, mlango huo umefungwa, lakini zile krediti ulizokuwa uzipate humo bado utazitafuta kwingine ili utimize 120.

Hatua ya nne: chora jedwali la mihula minane

Hapa chukua karatasi na penseli. Krediti 120 ukizigawa kwa mihula minane unapata 15 kila muhula. Mwenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, anatakiwa kusoma angalau krediti 12 kwa muhula, na kwa kuwa idadi hiyo ndiyo inayotajwa kila mara katika maelekezo ya uhamiaji, wapo wanaoichukulia kama mzigo wa kawaida. Piga hesabu: 12 mara nane ni 96, na upungufu wa krediti 24 ni takriban mihula miwili ya ziada. Kwa upande mwingine, krediti 1 huhesabiwa kuwa saa 1 darasani na angalau saa 2 za kujisomea kila wiki, kwa hiyo krediti 15 ni kazi ya saa 45 kwa wiki, na mwenye kibarua cha jioni chuoni asijidanganye kwamba atabeba 18. Kumbuka vilevile kwamba katika zile 12 za chini, mwenye F-1 huhesabiwa somo moja tu la mtandaoni, na kwamba kabla ya kuacha somo lolote litakalokushusha chini ya 12 ni lazima kwanza uende ofisi ya wanafunzi wa kimataifa.

Mwaka fulani nilikaa na binti wa dada yangu kulichora jedwali lake. Alikuwa amesoma EGM, yaani uchumi, jiografia na hisabati, huko Morogoro na alikuwa anaanza uchumi katika chuo kimoja cha umma cha Texas. Tulichora safu nane, tukaandika kwanza masomo ya fani yake ambayo lazima yafuatane, kwa sababu uchumi wa kati hausomwi kabla ya uchumi wa awali, na takwimu za uchumi hazisomwi kabla ya kalkulasi. Alipofika kwenye safu ya kwanza alikuta mfumo umemwekea aljebra.

“Mjomba, aljebra niliimaliza kidato cha tano. Kwa nini niirudie?”

Sikuwa na jibu zuri zaidi ya lile la kweli: mfumo haukujua. Alikuwa hajafanya mtihani wa kupangiwa kiwango cha hisabati, na asiyeufanya huwekwa chini. Aliufanya wiki iliyofuata, akapangiwa kalkulasi. Somo hilo moja likatimiza krediti 3 za hisabati za kiini na wakati huohuo likafungua mlango wa fani yake, wakati aljebra ingetimiza kiini tu na kumwacha bado anadaiwa kalkulasi. Tulifuta, tukaandika upya. Uchumi wa awali nao uliingia kwenye fungu la sayansi ya jamii na kwenye fani, kwa kuwa chuo chake kinaruhusu somo moja kuhesabiwa mara mbili. Si kila chuo kinaruhusu, wala si kwa kila fungu, kwa hiyo sentensi inayohusu jambo hilo itafute katika prospektasi na uipigie mstari.

Baada ya masomo ya fani kukaa mahali pake, nafasi zilizobaki ndizo za elimu ya jumla. Zisambaze. Mwanafunzi anayemaliza krediti zote 42 katika miaka miwili ya kwanza hubaki na miaka miwili ya fani tupu, ambayo ni mizito mno, na anayezilundika mwishoni hujikuta akigombania viti na wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika madarasa yaliyojaa. Ninashauri masomo mawili au matatu kwa muhula mwanzoni, kisha moja moja hadi mwaka wa nne.

Hatua ya tano: uandishi na hisabati visiahirishwe

Masomo haya mawili yasomwe mwaka wa kwanza, hata na anayeyaogopa, na hasa na anayeyaogopa. Hisabati husahaulika kila muhula unaopita. Uandishi nao unabeba masomo mengine yote, kwani mwalimu wa historia, wa falsafa na wa siasa atakupima kwa insha.

Nakumbuka insha yangu ya kwanza, kurasa nne, ambayo niliandika kama nilivyofundishwa shuleni: utangulizi unaofafanua maana ya kila neno la kichwa, hoja za upande huu, hoja za upande ule, hitimisho. Ilirudi bila alama. Pembeni mwa aya ya kwanza mwalimu alikuwa ameandika swali moja kwa penseli: unadai nini? Nilimfuata ofisini nikamweleza kwamba nimetaja pande zote. Akasema ameona, na kwamba bado anasubiri kusikia mimi nasimama wapi na kwa ushahidi gani, na alitaka alisikie hilo katika aya ya kwanza, si katika ukurasa wa nne. Niliandika upya mara tatu. Sijui somo jingine la chuo lililonibadilisha kiasi hicho, na ndiyo sababu huwasihi wadogo zangu wasitafute njia ya kulikwepa.

Walimu wa huko huwa na saa maalumu za kupokea wanafunzi ofisini, zinazoandikwa kwenye silabasi. Kwetu kumfuata mwalimu ofisini huonekana kama kumsumbua, au dalili kwamba umeshindwa. Huko usipokwenda ndipo unapoonekana hujali. Tena hakuna mtihani wa marudio, ule ambao wanafunzi wetu huuita sapu: ukifeli, kwa kawaida unalirudia somo zima na kulilipia tena.

Hatua ya sita: chagua yaliyobaki kwa kukusudia

Ndani ya kila fungu kuna orodha ndefu, na swali la kwanza ambalo wanafunzi huulizana ni lipi rahisi. Ninaelewa kwa nini, hasa kwa mwenye ufadhili unaotegemea wastani wa alama. Lakini somo linaloitwa rahisi mara nyingi ni darasa la watu mia tatu na mitihani ya kuchagua jibu, ambalo utalisahau lote. Napendelea kigezo kingine: chagua kile ambacho tahasusi yako ilikunyima. Aliyesoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, achukue mantiki katika idara ya falsafa, kwa sababu itamfundisha kuvunja hoja vipandevipande kwa nidhamu ileile aliyoizoea maabara. Aliyesoma HGL achukue jiolojia, ambayo haihitaji hisabati nyingi. Katika maabara yake atawekewa trei ya mawe yasiyo na majina, ayakwaruze kwa msumari, ayaangalie kwa kioo cha kukuzia, na siku moja atashika mkononi jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, obsidi, na kuelewa kwamba ni lava iliyopoa ghafla kama ile iliyotapakaa katika Bonde la Ufa kandokando ya Naivasha. Jiografia aliyoikariri kwa miaka sita atakuwa ameishika mkononi. Anayeelekea sayansi ya jamii au afya achukue takwimu hata kama hadaiwi.

Kwa fungu la sanaa usiogope masomo ya vitendo kama uchoraji au kwaya, lakini angalia kama yanahesabiwa krediti 1 au 3. Uliza pia kama somo linakubalika kwa mtindo wa kufaulu au kufeli bila alama, maana vyuo vingi havilihesabu somo la namna hiyo katika elimu ya jumla.

Hatua ya saba: kagua kila muhula, na omba kila jibu kwa maandishi

Vyuo vingi vina ripoti ya mtandaoni inayoonyesha masharti yaliyotimia na yaliyobaki. Ifungue mwanzoni mwa kila muhula na baada ya matokeo kutoka, ilinganishe na jedwali lako la penseli. Palipo na tofauti, mwandikie mshauri wako wa masomo siku hiyohiyo.

Nasema hivi kwa uchungu wa kweli. Mwaka wangu wa pili nilimwuliza mshauri kama somo la falaki lingetimiza sharti la sayansi, akajibu ndiyo, nami nikalisoma na kulifurahia. Halikuwa na maabara. Sharti lilikuwa linasema wazi kwamba somo moja la sayansi lazima liwe na maabara, nami nilikuwa sijausoma ule mstari. Jambo hilo liligunduliwa miezi miwili kabla ya mahafali. Mshauri yule alikwisha kuhama, na jibu lake lilikuwa la mdomo, kwa hiyo sikuwa na kitu cha kuonyesha. Nilibaki kiangazi chote kwa ajili ya krediti 1 ya maabara, nikalipa ada na kodi ya chumba, na marehemu baba, aliyekwisha kuwatangazia ndugu siku ya mahafali, ikambidi awapigie simu tena mmoja mmoja.

Kwa hiyo, hata baada ya mazungumzo mazuri ofisini, tuma barua pepe fupi: umesema kwamba somo hili linatimiza sharti hili, naomba uthibitishe. Ukitaka somo moja lichukue nafasi ya jingine, kuna fomu ya ombi la namna hiyo. Ijaze kabla ya kusoma somo lenyewe. Silabasi za masomo yote uliyosoma zitunze, kwa maana ukihama chuo au ukiomba shahada ya pili utatakiwa kuzionyesha.

Kwa anayeanzia chuo cha jamii

Njia hii ya miaka miwili na krediti takriban 60, kisha kuhamia chuo kikuu, ni nafuu sana kwa ada na inafaa familia nyingi. Hatari yake ni krediti kutotambuliwa unapohama. Kinga bora ni kumaliza kiini chote kabla ya kuondoka pale ambapo jimbo lina mkataba wa aina hiyo. Huko Texas, aliyekamilisha krediti 42 katika chuo kimoja cha umma hupokelewa nazo zote kama fungu moja katika chuo kingine cha umma, wakati aliyekamilisha 36 hupimwa somo kwa somo. California nayo, tangu mwaka 2025, ina utaratibu mmoja wa krediti 34 unaotambuliwa na mifumo yake yote miwili ya vyuo vikuu vya umma. Kuna pia mitihani ya CLEP, ambayo humwezesha mtu kupata krediti za historia ya Marekani au za serikali kwa kujisomea. Kila chuo huamua kinakubali ipi na kwa alama ngapi, kwa hiyo uliza kabla ya kulipia.

Fomu ya kuomba kuhitimu hujazwa mwanzoni mwa muhula wa mwisho, na katika baadhi ya vyuo muhula mmoja kabla. Siku utakapoijaza, chapisha ripoti ya masharti, peleka ofisi ya usajili pamoja na prospektasi yako ya mwaka wa kwanza, na mwombe ofisa apitie mstari kwa mstari ukiwa umeketi mbele yake. Itachukua kama nusu saa. Mstari wa maabara muulize kwa jina.